Maisha ya Fundi Filemoni Buya, Aliyeitwa Leo Goti

Siku ya Jumatano, tarehe 14 Machi 1951, saa nne za asubuhi, katika msitu ulio nyuma ya kijiji chetu cha Kikomo, Filemoni Buya Dhadho alikuwa amepiga magoti ndani ya gogo la mkuyu, akilichimba kwa tezo kama alivyofanya tangu ujana wake, na alipotaka kuinuka ili anyooshe mgongo, goti la kulia likakataa. Hakuanguka, hakujikata, hakuumwa na mdudu. Alikaa ndani ya gogo lile akidhani ni ganzi, na mkewe Sarah alipomletea chakula cha mchana alimkuta bado amekaa, goti limevimba na lina moto, naye akamtania kwamba mtumbwi umempenda, hautaki atoke. Walicheka wote wawili. Ndiyo saa ambayo ugonjwa uliotukusanya hapa leo ulianza kuonekana, na hapakuwa na mtu katika kijiji hiki aliyeujua jina wala sura.

Mchungaji, wazee wa kanisa, wazee wa kijiji, ndugu na jamaa mliotoka Garsen, Wenje na Kilelengwani, familia ya marehemu inawasalimu katika jina la Bwana, na inaomba msikilize kwa utulivu, kwa maana historia hii itasomwa yote, pamoja na yale ambayo wengine wangependa yarukwe. Mama Dhadho, mjane wa marehemu, ndiye aliyeomba iwe hivyo, na familia imekubaliana naye.

Filemoni Buya alizaliwa hapa Kikomo mwezi wa Aprili mwaka 1917, wakati wa masika, akiwa mtoto wa tatu wa Dhadho Buya na mkewe Hawayu, ambao wote wawili wametangulia mbele ya haki. Alibatizwa siku ya Jumapili, tarehe 3 Juni mwaka huohuo, akapewa jina la Filemoni, ingawa nyumbani na mtoni hakuna aliyemwita hivyo, wote walimwita Buya, jina la babu yake. Wakubwa wake wanakumbuka alikuwa mtoto mkimya, mwenye kupenda kushika vitu na kuvigeuzageuza, na akipewa muwa hakuula mpaka kwanza auchonge.

Aliingia shule ya misheni mwaka 1926, akajifunza kusoma, kuandika na hesabu, na mambo ya dini, mpaka darasa la nne, akaacha mwaka 1930 kwa sababu baba yake alikuwa amechoka na shamba la mpunga lilihitaji mikono. Hakujuta kuacha, lakini alichokisoma alikishika, na kila Jumapili mpaka mwaka jana alikuwa akiwasomea neno la Mungu wazee wasioona vizuri, akisoma polepole, kidole kikifuata mstari, na alipofika penye neno gumu alilirudia mpaka likanyooka.

Kazi ya kuchonga mitumbwi alifundishwa na mjomba wake, na mwaka 1936, akiwa kijana wa miaka kumi na tisa, alichonga mtumbwi wake wa kwanza peke yake, mtumbwi ambao ulipinda kidogo upande wa kushoto, na ambao mwenyewe alikuwa wa kwanza kuucheka. Wa pili haukupinda. Tangu hapo, kutoka Wenje huko juu hadi Kilelengwani kule chini, watu walivuka mto, walikwenda mashambani na kupeleka ndizi na mpunga sokoni kwa mitumbwi iliyotoka mikononi mwake, na wengi mliokaa hapa mmeikalia. Alikuwa na desturi yake mwenyewe, kwamba hakukata mti kabla ya kumwuliza mwenye kuutaka mtumbwi atabeba nini, na kama mtu alijibu kwamba atabeba kila kitu, alimrudisha nyumbani akafikiri tena. Mama mmoja wa Garsen alimwambia atabeba ndizi na mume mlevi, naye akamchongea mtumbwi wenye tumbo pana na kingo za juu, akamwambia ndizi zitakaa, kuhusu mume hamwahidi kitu.

Siku ya Jumamosi, tarehe 17 Desemba 1938, alifunga ndoa takatifu na Sarah, binti wa Hamesa, wakajaliwa watoto wanne. Wa kwanza ni Dhadho, aliyezaliwa mwaka 1940, wa pili ni Ruthi, aliyezaliwa mwaka 1943, wa tatu alikuwa Hamesa, aliyezaliwa mwaka 1946 na ambaye Mungu alimtwaa kwa surua mwaka 1948, na wa mwisho ni Elia, aliyezaliwa mwaka 1950, ambaye hajawahi kumwona baba yake akikimbia.

Sasa familia inakuja kwenye habari ya ugonjwa, na hapa inaomba wale waliotoka mbali waelewe kwanza desturi ya kamba, kwa sababu bila kuielewa hawataelewa jambo lolote linalofuata.

Mtumbwi huchongwa pale mti ulipoangukia, ndani ya msitu, nao ukiisha huwa mzito kuliko nguvu za nyumba moja, hivyo hutangazwa siku ya kamba, na wanaume wote wenye afya hukusanyika, hufunga kamba puani mwa mtumbwi, huweka magogo chini yake, na kwa wimbo mmoja huuvuta mpaka mtoni, kisha mwenye mtumbwi hupika wali na watu hula. Anayevutia wenzake huvutiwa. Mgonjwa husamehewa, lakini lazima aonyeshe mahali panapouma mbele ya kiongozi wa kamba, na siku ya kamba inayofuata, kama bado anaumwa, aonyeshe tena. Desturi hii ni nzuri, imetulea sote, na marehemu hakuisema vibaya hata siku moja.

Kamba ya kwanza baada ya goti lile kuvimba, Buya alikwenda akichechemea, akaonyesha goti, na Mzee Wario, ambaye ni kiongozi wa kamba hadi leo na yuko nasi hapa, alilipapasa kwa mgongo wa mkono, akasikia moto wake, akamwambia akakae karibu na vyungu vya wali, awape akina mama pole kwa moshi. Watu walicheka kwa wema. Mafuriko yakaja, yakapita, na mwezi wa Agosti ikatangazwa kamba nyingine, lakini siku hiyo goti lilikuwa limenywea, zuri kama la kijana, na badala yake kifundo cha mkono wa kushoto kilikuwa kimevimba hata asiweze kushika kijiko. Akaonyesha mkono. Mzee Wario aliutazama mkono, kisha akalitazama goti. Kamba ya tatu, mkono ulikuwa umepona, na sasa ni kifundo cha mguu, na Buya alipounyoosha mguu ule mbele ya watu, Mzee Wario alisema maneno ambayo wote waliokuwapo wanayakumbuka.

"Buya mwanangu, nimeona mguu uliovunjika, nimeona donda, nimeona matende. Ugonjwa unaohama na malisho kama ng'ombe wa Waorma, huo sijauona."

Watu walicheka, na safari hii si kwa wema. Marehemu alivuta mguu wake taratibu, akajibu, "Mzee, hata mimi sijauona. Lakini ndio ninaolala nao."

Hapo ndipo kosa lilipofanyika, na familia inalitaja kwa utulivu, bila kumtukana mtu. Wazee waliamua kwamba ugonjwa wa kweli hukaa mahali pake, na kwamba mtu ambaye leo anaonyesha goti na kesho anaonyesha mkono anajipaka utomvu wa mnyaa ili avimbe apendapo. Wakatangaza, mwanzoni mwa mwaka 1952, kwamba Filemoni Buya hatashika kamba ya mtu, na mtu hatashika kamba yake. Kwa mkulima hiyo ni aibu, lakini kwa fundi wa mitumbwi ni zaidi ya aibu, kwa sababu mtumbwi usiovutwa ni gogo lenye shimo. Walioagiza kwake wakaenda kwa mafundi wengine. Yeye akabaki kuchonga makasia, vinu na miiko, kazi ambazo mtu hubeba mwenyewe mkononi, na Sarah akalima sehemu yake na sehemu ya mumewe, akavuna akiwa na Elia mgongoni.

Ndipo watoto walipomtungia jina, wakimwimba kila apitapo kwenda mtoni, "Leo goti, kesho kiwiko, siku ya wali yuko." Jina la Leo Goti likamganda, likatoka kwa watoto likaingia kwa wakubwa, likavuka mto, hata mgeni akitafuta fundi Buya aliulizwa, yupi, Leo Goti? Sarah hakuwafukuza watoto wale. Ila siku moja Ruthi, akiwa wa miaka tisa, alisimama katikati yao na ndoo yake kichwani, akawaambia wimbo wao una uongo, kwa kuwa siku ya wali baba yake hayuko, na anayebisha amtaje aliyemwona akila. Hakuna aliyemtaja. Kwa maana hilo lilikuwa kweli, ndugu waombolezaji, na leo tunalisema mbele ya jeneza lake. Kila siku ya kamba, miaka yote ile, marehemu alikwenda msituni akasimama mahali watu wanapomwona, akanyoosha kiungo kinachouma siku hiyo bila kuulizwa, na watu walipomaliza kuvuta na vyungu vilipofunuliwa, alirudi nyumbani akala muhogo wake. Sarah alimwuliza kwa nini ajitie aibu kiasi hicho, kwa nini asikae nyumbani tu. Akamwambia kwamba anayejificha ni mwongo, na yeye hana cha kuficha, wakitaka kumwita mwongo watamwita wakiwa wanamtazama.

Hakukaa bure bila kutafuta dawa. Alikwenda zahanati ya Garsen mara nyingi, akapewa vidonge vya maumivu, navyo vilimsaidia kwa muda, na watu wa zahanati walimtendea kwa upole kadiri ya walichokijua. Alichanjwa, alichuliwa mafuta, alifungwa majani ya moto. Wapo waliomshauri akatengeneze kwa njia nyingine, akaombe radhi kwa vitu visivyosema, naye akawajibu kwamba magoti yake hayapigwi isipokuwa mbele ya Mungu, hata kama yanauma, na Sarah anashuhudia kwamba aliyapiga kila jioni, akiwa ameshika kitanda kwa mikono miwili.

Mwaka 1956 ugonjwa ulijitoa hadharani. Alianza kuendesha tumbo, choo chepesi chenye mafuta, wiki kwa wiki, akakonda mpaka nguo zake zikavaliwa na Dhadho mwanawe, ngozi ikawa nyeusi kuliko ilivyokuwa, homa za jioni zikaanza, na kikohozi. Watu wa kijiji walianza kumwonea huruma, kwa kuwa tumbo walilijua, na wengine walileta uji na maziwa, nasi tunawashukuru. Lakini walisema tumbo ni jambo lingine, limekuja lenyewe, halihusiani na yale ya goti. Hata huruma yao ilimwacha na jina lake.

Mwanzoni mwa Julai 1957 ilibidi apelekwe Mombasa. Alivushwa kwenda Garsen kwa mtumbwi wa jirani, mtumbwi mzuri aliouchonga mwenyewe mwaka 1947, lakini ulikuwa mwembamba, umechongwa kwa kubeba mpunga, na mtu mgonjwa hakuweza kulala ndani yake isipokuwa akunje magoti mpaka kifuani. Magoti siku hiyo yalikuwa yamevimba yote mawili. Sarah aliketi nyuma yake, akamshika mabega, na kwa mara ya kwanza tangu waoane alimsikia akilia kwa sauti. Walipofika ng'ambo na kumnyoosha mchangani, akasema, "Mama Dhadho, mwenye mtumbwi huu aliniambia atabeba mpunga. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniambia atabeba mgonjwa."

Pale Garsen, Bishar Gedi, mfanyabiashara wa ngozi na mifugo, Msomali mwenye duka karibu na kivuko, ambaye hana udugu nasi wala hatusali naye nyumba moja, alimtazama marehemu, hakuuliza maswali, akamlaza mbele ndani ya lori pamoja na Sarah, akampa dereva maji na tende, na yeye mwenyewe akapanda nyuma, akakaa juu ya ngozi mpaka Mombasa. Alipoambiwa kwamba nyuma kuna harufu, alijibu kwamba harufu hiyo ndiyo inayomlisha.

Hospitalini alipokelewa na daktari Mzungu, pamoja na dresa mmoja, mfunga vidonda, kijana wa kwetu, Komora wa Wenje, ambaye alitafsiri. Daktari aliuliza habari za tumbo, Sarah akazijibu, kisha akauliza kama zamani palikuwa na ugonjwa mwingine wowote, na Sarah akasita, kwa kuwa alichoka kuchekwa. Ni Buya mwenyewe aliyesema kutoka kitandani kwamba alianza na goti, kisha mkono, kisha mguu, na kwamba maumivu yalihama. Daktari akaacha kuandika. Akavuta kiti, akakaa, akauliza upya, kiungo kwa kiungo, mwaka kwa mwaka, na Komora alitusimulia baadaye kwamba alikuwa hajamwona daktari yule akikaa kitako kwa mgonjwa muda mrefu namna ile. Mwishoni akasema kwamba upo ugonjwa mmoja ameusoma vitabuni tu, hajauona kwa macho, na njia ya kuujua ni kufungua tumbo. Marehemu hakuomba siku ya kufikiri. Alisema, "Fungueni muone. Na mkishaona, mwambieni mama Dhadho, asikie kwa masikio yake, maana mimi nikisema sisadikiwi."

Alipasuliwa siku ya Jumatatu, tarehe 8 Julai 1957. Daktari alikuta utumbo umekuwa mnene na mgumu, na tezi za ndani ya tumbo zimevimba, zimejaa kitu cheupe kama maziwa yaliyoganda, akachukua kipande kidogo, akakitazama kwa hadubini, na baada ya siku kadhaa akamwita Sarah akampa kiti. Komora alitafsiri hivi, "Mama, ugonjwa huu makao yake ni utumbo, lakini huanza kujionyesha kwenye viungo, miaka mingi kabla ya tumbo kuugua. Leo hapa, kesho pale, na ukitoka mahali hauachi alama. Goti lilipovimba mara ya kwanza, ulikuwa umekwisha kuingia."

Sarah alisema ana swali moja tu. Akauliza, "Je, mtu anaweza kujitia ugonjwa huu mwenyewe, kwa dawa au kwa utomvu?"

Daktari alipoelewa swali alitikisa kichwa, akajibu kwamba hakuna mtu duniani awezaye kujitia. Sarah akamwambia Komora, "Mwambie aseme tena." Akasema tena. Na Sarah alipouliza unatoka wapi, kwa laana, kwa maji, kwa udongo, daktari alijibu kwamba hajui, na kwamba hata wakubwa wake hawajui, nasi tunamheshimu kwa jibu hilo, kwa kuwa hakuona haya kukiri asichokijua, wakati sisi huku tulikuwa tumekwisha kujua kila kitu.

Alichomwa sindano kwa wiki nyingi, dawa mpya ambazo daktari alisema atazijaribu bila kuahidi, na Mungu alizibariki kwa muda. Homa ilikata, tumbo likatulia, akaanza kula samaki na wali, na viungo, vile viungo vilivyomtesa miaka sita, vikanyamaza vyote kwa pamoja. Mwezi wa Novemba 1957 alirudi Kikomo akitembea kwa miguu yake kutoka kivukoni.

Mngedhani hapo jina lake lingesafika, lakini kupona kwake ndiko kulikommaliza. Watu walimwona anatembea, anainama, anabeba tezo begani, wakasema, mnaona, alikuwa mzima siku zote, amekaa kwa Wazungu akala mkate amechoka kujifanya. Sarah alizunguka nyumba kwa nyumba akieleza maneno ya daktari, na kila mlango alisikilizwa kwa adabu, akapewa maji ya kunywa, na alipogeuka mgongo walisema ni mkewe, atasema nini. Leo hayasemi peke yake. Leo yanasemwa na ukoo mzima, mbele ya mchungaji na mbele ya mwili wake, na Komora wa Wenje amekaa pale kando ya mlango, anayetaka kumwuliza amwulize.

Mwezi wa Januari mwaka huu marehemu aliingia msituni, akachagua mkuyu mkubwa kuliko yote aliyowahi kuikata, akauangusha pamoja na mwanawe Dhadho, akaanza kazi. Alipoulizwa ni mtumbwi wa nani, alisema ni wa kijiji. Alipoulizwa utabeba nini, na hapa wenzake wa kazi walicheka kwa kuwa swali lile lilikuwa lake, alisema utabeba mtu aliyelala. Aliuchonga mpana katikati, sakafu yake tambarare, bila kikalio, na aliupima kwa kulala ndani yake chali, miguu imenyooka, akimwambia Dhadho aongeze kidogo hapa, apunguze kidogo pale, mpaka mtu mrefu wa Kikomo aweze kulala na magoti yake yasikunjwe. Alisema ni wa kupeleka wagonjwa Garsen, mgonjwa yeyote, na mtu asiulizwe ugonjwa wake unakaa wapi kabla ya kupandishwa.

Ulikwisha mwishoni mwa Mei. Akatangaza kamba. Sarah alipika wali wa vyungu vitatu, na waliokuja ni mafundi wawili wenzake, Dhadho mwanawe, na Bishar aliyevuka mto akiwa na kanzu yake safi, akaifunga kiunoni akashika kamba. Walivuta mpaka jua likawa kali, mtumbwi haukusogea hata unyoya. Wengine wetu tulikuwa mashambani, na wengine hatukuwa mashambani. Marehemu aliwashukuru waliokuja, akawapa wali, na kwa mara ya kwanza katika miaka sita akala wali wa kamba, akisema huu ni wake, ameutolea jasho.

Mwezi wa Juni homa ilirudi. Daktari alikuwa amemwagiza arudi Mombasa dalili zikionekana tena, lakini mto ulikuwa umefurika na barabara ilikuwa imefungwa, na ilipofunguliwa hakuwa tena na nguvu za safari, naye mwenyewe aliomba abaki. Alilala nyumbani miezi mitatu, akiuguzwa na Sarah na Ruthi, akisoma alipoweza na kusomewa asipoweza, na hakumlaani mtu. Ila alikataa kitu kimoja. Wazee wawili walipokuja kumwambia kwamba wamemsamehe, alijiinua kwa kiwiko, akawaambia, "Karibuni mkae, mle. Lakini msinisamehe ambacho sikufanya."

Siku ya Ijumaa, tarehe 19 Septemba 1958, saa tisa za mchana, Filemoni Buya Dhadho aliitwa na Mola wake, akiwa na umri wa miaka arobaini na mmoja, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mkewe. Ameacha mjane, watoto watatu, na mtumbwi mmoja msituni.

Limebaki jambo la leo asubuhi. Kabla ya ibada, Mzee Wario alifika nyumbani kwa marehemu akiwa peke yake, amebeba begani kamba ya kijiji, ile kubwa, akaiweka mlangoni, akasimama bila kofia, akasema angependa kamba hiyo ndiyo imshushe Buya kaburini, ndiyo heshima pekee aliyo nayo. Ilikuwa heshima kubwa, na machozi yake yalikuwa ya kweli, sote tuliyaona. Sarah alimkaribisha, akampa maji, akamwambia, "Baba, atashushwa kwa kamba nyingine. Hiyo ilete Alhamisi." Mzee Wario aliinama, akaiokota kamba yake, akarudi nayo.

Kwa hiyo familia inatangaza kwamba siku ya Alhamisi, tarehe 25 Septemba, kuanzia saa moja ya asubuhi, itauvuta mtumbwi wa marehemu kutoka msituni mpaka mtoni, na utavutwa hata kama watakaoshika kamba ni wajane na watoto. Hatumwombi mtu aje kutubu, wala hatupokei kuku wa radhi. Anayetaka kushika kamba, aje ashike. Na atakayeshindwa kuvuta kwa sababu ya goti lake, au mkono, au mguu, aje vilevile, akae kivulini, ale wali ashibe. Hataambiwa aonyeshe.

Familia inamshukuru daktari na wauguzi wa Mombasa, na watu wa zahanati ya Garsen, na Komora aliyekuwa mdomo wetu mahali tulipokuwa mabubu. Inamshukuru Bwana Bishar Gedi, Mungu amzidishie. Inawashukuru mafundi wawili waliosimama na mwenzao, majirani walioleta uji, maziwa na kuni, mchungaji, na akina mama wote waliokesha na Sarah. Na kwa wale waliokuwa wakimwita kwa lile jina, familia inasema kwamba marehemu alilibeba miaka sita, leo amelitua, basi lisiokotwe, wala asitwishwe mtu mwingine.

Ee Mungu uliyemfinyanga Buya kiungo kwa kiungo, wewe ulijua goti lake lilipouma na mkono wake ulipouma, wala hukumwambia aonyeshe mara ya pili. Mpokee mja wako. Mnyooshee miguu yake mahali papana, mpe kazi kama unayo, maana kukaa bure hakukupenda, na umpe na usingizi, maana aliukosa. Sarah na watoto wake uwashike, na sisi tuliobaki utupe moyo wa kumsadiki anayeumwa. Lala salama, fundi, pumzisha magoti yako. Amina.